Dawa ya Tundu na Samaki wa Isanzwa

Dawa ya tundu si dawa ya mpasuko. Jana mlimsikia shangazi yenu akilitamka neno hilo kikaoni, watu wakanyamaza, nanyi mkanyamaza nao ingawa hamkujua wananyamazia nini. Leo mmekuja kuniuliza limetoka wapi. Mmefanya vizuri kuniuliza mimi, maana sikulisoma mahali. Nilikuwapo siku lilipoingia kijijini hapa, likiletwa na kaka yangu juu ya baiskeli ya kuazima. Asili yake ni hii.

Zamani hizo hapa Isanzwa hatukuwa na samaki. Waliotufikia walikuwa wakavu, wamefungwa kwenye magunia, wamekauka hata ilikuwa kazi kujua kichwa ni kipi na mkia ni upi. Ndipo kikundi chetu, mwenyekiti wake akiwa Mzee Shila, kikaamua kuchimba bwawa lile mnaloliona bondeni. Tulichimba kwa majembe viangazi viwili. Kiangazi cha kwanza nilikuwa na mimba ya baba yenu. Cha pili nilimlaza kwenye kanga kando ya shimo, nikaendelea kuchimba. Mvua ziliponyesha bwawa likajaa, na Mzee Shila akaagiza vifaranga wa sato elfu tatu kutoka kituo cha kuzalishia samaki, mwendo wa saa saba kwa gari.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kaka yangu, Mkumbo. Alikuwa dereva mzuri, mtu wa kupenda kujua vitu. Kifaa kipya kikifika sokoni, yeye ndiye wa kwanza kukigeuza-geuza na kuuliza kinafanyaje kazi. Mwezi mmoja kabla ya safari ile alikuwa amenunua dawa ya pancha. Ni maji mazito meupe kama uji, unayamimina ndani ya tairi kupitia pale pa kujazia upepo. Mwiba ukitoboa, dawa inakimbilia kwenye tundu, inaganda, na upepo unabaki ndani.

Alfajiri ile kule kituoni, mtaalamu wa samaki alikuwa tayari amefunga mizigo. Jina lake Elineema, mwanamke mrefu, mpole, asiyependa kubahatisha. Kila mfuko wa plastiki ulikuwa na maji kidogo, vifaranga mia mbili, na hewa iliyojazwa kutoka kwenye mtungi mpaka mfuko ukavimba kama mto wa kulalia. Kila mfuko ulikaa ndani ya kasha lake. Makasha yalikuwa kumi na matano, na hayakutakiwa kupandana, kwa sababu mifuko ingepasuka.

Walipoyapanga, yakaenea kumi na matatu tu. Nafasi ya mawili ilikuwa imekaliwa na tairi la akiba, spea. Mnyororo wa kulining'iniza chini ya gari ulikuwa umekatika siku nyingi, kwa hiyo spea ilikuwa ikisafiri nyuma pamoja na mizigo.

Mkumbo aliitazama, akaitazama tena, kisha akaishusha.

"Utaiacha?" Elineema akamuuliza.

"Matairi yote manne yana dawa, Mama. Na nimebeba chupa nyingine kiti cha mbele. Muuzaji alipigilia misumari kumi mbele ya macho yangu, akaing'oa mmoja mmoja, na tairi halikulegea."

Elineema alifikiri. "Alipigilia wapi?"

"Katikati, pale panapokanyaga chini."

"Na ubavuni?"

Mkumbo alisita. "Ubavuni hakupigilia."

Kaka yangu aliniambia baadaye kwamba swali lile lilimkaa kichwani njia nzima. Lakini wakati ule kila mmoja alikuwa na sababu ya kutolifuata. Mkumbo aliiamini dawa yake. Elineema naye alikuwa ametuahidi vifaranga elfu tatu, na hakutaka kuja na pungufu mbele ya watu waliochimba miaka miwili. Akaangalia jua linavyochomoza, akasema, "Basi tupakie yote. Hewa ya mifuko itatosha muda wa saa saba, zaidi ya hapo sina uhakika."

Wakaondoka.

Mnamo saa tatu, kwenye pori la migunga, walisikia mlio mwembamba kama wa nyoka. Mkumbo akasimamisha gari. Tairi la nyuma lilikuwa limekanyaga mwiba mrefu kama kidole, na povu jeupe lilikuwa linatoka pembeni yake. Akaung'oa mwiba, akasogeza gari hatua chache, akashuka tena. Povu lilikuwa limekoma. Palibaki kidoti cheupe tu. Elineema akakigusa kwa ncha ya kidole, akakikuta kigumu.

"Ajabu," akasema. "Na mimi nilikuwa nakutilia shaka."

Mkumbo hakujisifu, lakini aliniambia moyo wake ulijaa. Walikuwa hawajapoteza hata dakika kumi. Kama ni spea, wangekuwa bado wanaishusha na kuzungusha jeki. Kwa hiyo mnaoanza kudhani dawa ile ilikuwa ya utapeli, subirini. Ilifanya kazi iliyotengenezewa, na ikaifanya vizuri.

Saa tano na nusu walifika korongo kavu linalokata njia karibu na malisho ya Wabarbaig. Mvua za masika zilikuwa zimeubomoa ukingo na kuacha mawe yamesimama kama meno. Mkumbo alishuka polepole, lakini alipopandisha upande wa pili, gurudumu la mbele liliteleza na kubanwa na jiwe. Walisikia kishindo, gari likainama.

Tairi lilikuwa limechanika ubavuni, urefu wa kiganja. Dawa yote ilikuwa inamwagika mchangani, nzito, nyeupe, haina haraka.

Mkumbo alichukua ile chupa ya akiba akaimimina ndani. Ikatokea upande wa pili. Akasokota kitambaa akakishindilia kwenye mpasuko, akaleta pampu ya mguu, akapampu mpaka shati likamganda mgongoni. Kila upepo ulipoingia, kitambaa kilirushwa nje. Alirudia mara nne. Simu za mkononi hazikuwapo wakati ule, na njia ile ilikuwa ya kupita gari moja kwa siku, tena si kila siku.

Elineema alikuwa amefungua kasha la kwanza. Vifaranga walikuwa wamepanda juu ya maji, wote, wakifungua na kufunga vinywa.

"Mkumbo," akaita. "Acha tairi. Njoo uone."

Akaacha pampu, akaja. Aliniambia alihisi kama ametuona sisi wenyewe ndani ya mfuko ule.

Wakiwa katika hali hiyo, akatokea mwanamke mtu mzima akiswaga punda sita waliobeba madumu matupu. Alivaa mgorori mwekundu na bangili za shaba mkononi. Jina lake Udagani, na alikuwa anakwenda kuchota maji kwenye lambo la mifugo, nyuma ya kilima kilichokuwa mbele yao. Aliwasalimia, akasimama kutazama. Hakutazama samaki kwanza, alitazama tairi. Alichuchumaa, akachovya kidole kwenye yale maji meupe, akanusa.

"Haya ni maziwa gani, kijana?"

"Ni dawa, Mama. Ya kuziba tairi."

"Inaziba kweli?"

"Inaziba. Asubuhi imeziba tundu la mwiba, tukaendelea na safari."

Udagani akaingiza vidole vinne kwenye mpasuko, vikapita vyote. "Na hili ni tundu?"

Mkumbo akatikisa kichwa.

"Mbuzi wangu akichomwa na mwiba namtia majivu, anapona," Udagani akasema. "Akipasuliwa na fisi simtii majivu, naita mwenye sindano na uzi. Majivu sikuyatupa, yana kazi yake. Lakini dawa ya tundu si dawa ya mpasuko."

Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Kisha akasimama, akauliza kuna nini ndani ya makasha.

Elineema akamweleza yote upesi upesi: bwawa la Isanzwa, hewa ya mifuko, saa iliyobaki. Akamwomba awaruhusu kuwaweka samaki kwenye lambo lao.

"Watachafua maji ya ng'ombe?"

"Hapana, Mama. Wanakula viluwiluwi vya mbu na majani ya majini. Ng'ombe watakunywa kama kawaida."

Mkumbo akaingilia. "Lakini hawa ni samaki wa watu. Watu wa Isanzwa wanawasubiri."

"Wakifa hapa hawatakuwa wa mtu yeyote," Elineema akamjibu.

Udagani alicheka kidogo. "Nyumbani kwangu hatuli samaki, tangu babu zetu. Mkiwaweka kwetu hakuna atakayewagusa. Leteni makasha."

Wakashusha madumu, wakawafunga punda makasha mawili mawili, na matatu yaliyobaki wakayabeba wenyewe vichwani. Jua lilikuwa la utosi. Walipofika lamboni Mkumbo alitaka kufungua mifuko papo hapo, lakini Elineema akamshika mkono. Akamwambia samaki akitolewa kwenye maji ya joto moja na kutupwa kwenye maji ya joto jingine hufa kwa mshtuko. Ilibidi waieleeze mifuko juu ya maji ya lambo, ikiwa imefungwa, mpaka maji ya ndani yalingane na ya nje. Robo saa nzima walisimama ndani ya maji hadi magotini, wakiwatazama vifaranga wakihema, bila kufanya lolote. Mkumbo aliniambia hajawahi kupitisha robo saa ndefu kama ile. Udagani naye hakuondoka. Alikuwa hajapata kuona samaki hai, akawa anainama juu ya kila mfuko, akiuliza wanalala vipi, kama wana masikio, mama yao ni yupi.

Walipofungua, samaki wa mifuko mitatu walikuwa wamekwisha kufa. Wa mifuko kumi na miwili waliogelea wakazama kwenye maji ya udongo, wasionekane tena.

Sisi huku tulikuwa bwawani tangu saa tano. Tulifagia njia, tukapika, watoto wakavaa nguo za sikukuu. Saa sita ikapita, saa nane ikapita. Saa kumi tukaona baiskeli inashuka bondeni, na juu yake Mkumbo peke yake, baiskeli ameiazima bomani kwa Udagani, vumbi mpaka kwenye kope.

Angeweza kumtuma mtu. Angeweza kusema gari liliharibika tu, na nani angemuuliza zaidi? Alisimama ukingoni mwa bwawa letu lisilo na kitu, akasimulia yote, na hakuruka mahali.

"Spea ilikuwa wapi?" Mzee Shila akamuuliza.

"Niliishusha mwenyewe, Mzee, ili yaenee makasha mawili. Nilijua dawa inaziba. Sikutaka kujua isichoziba. Naombeni radhi."

Watu walikuwa na uchungu. Mimi dada yake nilikuwa nao kuliko wengi, nikitazama mikono yangu yenye sugu. Mzee Shila akageuka kulitazama bwawa.

"Radhi tumekupa," akasema mwishowe. "Lakini bwawa bado ni tupu."

"Najua, Mzee. Kuna mama kule korongoni ameniambia dawa ya tundu si dawa ya mpasuko. Nimeendesha baiskeli saa tatu nikiliwaza neno lake. Nikiwachelewesha saa moja, radhi inatosha. Hili si la kuchelewa. Kwa hiyo sitawaacha na neno la radhi peke yake. Samaki wenu wako hai kwa Mama Udagani. Mpaka wafike humu, gari langu ni la kikundi."

Na ikawa hivyo. Pikapu ilikaa korongoni siku mbili, mpaka spea ilipoletwa juu ya lori la chumvi. Kuanzia hapo kila mwisho wa mwezi Mkumbo alikwenda lamboni na Elineema, wakapima maji na kuwatazama samaki. Safari nyingine nilifuatana nao, nikamjua Udagani, na mpaka leo watoto wake na wangu huitana ndugu. Mwezi wa nane tangu siku ile, lambo lilikuwa limejaa vifaranga wapya, wengi kuliko tulioagiza. Udagani aliwakusanya vijana wa boma lake wakatusaidia kuvuta wavu, huku wakishangaa kwamba kuna watu wanaokula viumbe vile.

Siku ya kuwaleta, Mkumbo alipakia spea kabla ya kasha la kwanza. Samaki walioenea ndio aliowabeba, wengine akawarudia kesho yake. Nilimuuliza kama sasa ameiacha ile dawa. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto.

"Kwa nini niiache? Njia hii ina miiba kila hatua. Dawa nimeijaza jana."

Hapo ndipo lile neno lilipoota mizizi hapa kwetu. Mwanzoni tulilisema kwa utani, gari likipata pancha. Baadaye mtu akikopa chumvi akasahau kuirudisha, akaomba radhi, tukasema hilo tundu, limezibika. Na mtu akivunja nyumba ya mwenzake kisha akaja na radhi ileile ndogo mkononi, hatumfukuzi, wala hatuidharau radhi yake. Tunamwambia tu kwa upole, kama Mama Udagani alivyomwambia kaka yangu pale korongoni akiwa na vidole vinne ndani ya tairi: dawa ya tundu si dawa ya mpasuko.