Mwenzi wa Kinuru

Hapo zamani, mbingu ilipokuwa bado mtaa wa watu kusalimiana, palikuwa na nyota mmoja jina lake Kinuru. Aliishi Safu Kuu, wanakokaa nyota wanaokoka moto wao wenyewe na kuutunza miaka nenda miaka rudi. Wengine walikoka kwa magogo. Kinuru alikoka kwa kijiti. Akiweka kimoja, anangoja kiishe ndipo anaweka kingine, na mwanga wake ulikuwa mdogo kiasi kwamba mgeni akija kwake hupiga hodi nyumba ya pili.

Kuni zake zilikuwa haziishi, lakini hilo wenzake hawakuliona. Waliona ufifi tu, wakamcheka. Naye akacheka nao, kisha akaingia ndani akaumia peke yake.

Siku moja mbiu ikapigwa. Karani Kimondo anakuja kuandika nyota wote katika daftari la mbingu. Kila nyota ataandikwa jina, na chini yake mstari mmoja wa mwenzi wake. Asiye na mwenzi haandikwi. Asiyeandikwa anavunjiwa jiko na kupeperushwa pamoja na vumbi. Na huyo mwenzi atapewa haki ya kuota moto wa jiko lile mpaka kijiti cha mwisho, yeye na si mwingine.

Kinuru akaanza kuhesabu wenzi wake, akamaliza kabla hajaanza.

Alikuwa na jirani wa kusalimiana naye, Fahari, nyota mkubwa wa magogo. Ukiwatazama kwa mbali ungesema wamekaa bega kwa bega. Kumbe Fahari alikaa nyuma kabisa, na maneno yake yalichelewa njiani. Kinuru akisema, "Shikamoo, kaka," marahaba inafika yeye ameshasahau kuwa alisalimia.

Alikuwa na kizunguzungu pia. Tangu kuzaliwa alikuwa akiyumba, huku kidogo, kule kidogo. Alikunywa tangawizi, haikusaidia.

Na alikuwa na Bi Tufe, dunia ndogo iliyozeeka, ambaye kila baada ya siku chache alipita mbele ya jiko na ufagio wake.

"Bibi, unanizibia mwanga."

"Nafagia, mwanangu."

"Unafagia nini, na hapa hakuna kitu?"

"Ndiyo maana hakuna kitu."

Basi siku ikafika. Kimondo akaja mbio, mkia nyuma, kalamu sikioni. Akamwandika huyu, akamwandika yule, akafika kwa Kinuru, akampita kwa macho asimwone. Kinuru akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo kama moto wake.

Hapo hapo, kule nyuma, Fahari akawaka kuliko alivyowahi kuwaka. Kimondo akakodoa macho, akapunguza mwendo, na katika mwanga ule akamwona Kinuru.

"Kumbe hapa kuna mtu? Haya, dada, upesi. Mwenzi unaye?"

Kinuru akaona aibu kusema hapana. "Labda," akasema.

"Labda si jina." Kimondo akaanza kufunga daftari, kisha akasita. "Mbona unayumba?"

"Kizunguzungu."

"Kizunguzungu gani chenye mwendo wa ngoma? Mtu huyumba hivyo akiwa ameshikwa. Nani kakushika?"

Gizani ikatoka sauti nzito, sauti isiyozoea kutumika. "Mimi, Kimya. Nilizaliwa siku moja naye. Yeye kuni zake zilishika moto, zangu zilikuwa mbichi. Nikaona haya kujitokeza, nikakamata pindo la kanga yake. Tunazunguka pamoja tangu hapo."

Kinuru hakujua acheke au alie. Miaka yote ile alikuwa akimnywea mwenzake tangawizi.

"Nimesikia sauti," akasema Kimondo, "lakini mtu simwoni, na mimi siandiki giza." Akashika njia. Ndipo Bi Tufe akapita na ufagio wake, mwanga ukapungua, kisha ukarudi. Kimondo akarudi hatua moja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Huyo wa ufagio nimemwona, basi na yule wa gizani namkubali. Jiko hili lina watu, na litaandikwa. Lakini mstari ni mmoja. Semeni, nani anaandikwa?"

Bi Tufe akaegemea ufagio. "Mimi sikumpa kitu ila usumbufu, sisemi uongo. Ila kwangu kumeota majani, mwaka huu ndio wa kwanza. Akiota moto huu mtu mwingine, yatanyauka."

Kimya akasema, "Mimi sijaota moto hata siku moja, na sikumwacha hata siku moja. Akiandikwa mwingine itabidi niachie pindo."

Ndipo likafika neno la Fahari, limechoka njia. "Kinuru, siku ya karani naijua tangu zamani, na macho yake nayajua. Nilipiga hesabu ya safari, nikatupia magogo yangu yote jikoni, ili mwanga ukufikie leo. Sina kuni tena. Ukiniandika, nitakuja kwako kuota moto, hata kama ni polepole."

Neno likaisha, na ule mwanga mkubwa ukafifia.

Kimondo akashusha sauti. "Dada, nikuambie ukweli. Neno hilo lilitoka kwake siku nyingi. Inawezekana ameshazimika. Inawezekana pia yuko njiani, anatetemeka. Mimi sijui, sikupita huko."

Kinuru akafurahi, akaogopa. Asubuhi hakuwa na mtu. Sasa ana watatu, na mstari mmoja. Akalitazama pindo la kanga yake, bado limeshikwa. Akautazama ukijani mdogo pale kwa Bi Tufe. Akatazama kule nyuma, palipobaki giza.

"Jina, dada. Naondoka."

Kinuru akataja jina. Kimondo akaliandika huku anakimbia, mkia wake ukapita juu ya wino, na hadi leo hakuna aliyeweza kulisoma.

Mimi niliisikia hadithi hii jikoni kwa shangazi, na tulibishana mpaka ugali ukaungua. Sasa zamu yenu. Je, nani alistahili ule mstari?