Firigisi ya Bi Mwantumu na Bafu la Milango Miwili

Hapo zamani... Hebu funga mlango huo kwanza, wewe uliye karibu nao. Hadithi yenyewe ni ya milango, na mimi siwezi kusimulia upepo unaniingia miguuni. Haya. Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kuoa, ni zamani ya juzijuzi tu, mabati yalishafika na redio zilishafika, palikuwa na mama mmoja akiitwa Bi Mwantumu. Mtoto wake alikuwa mmoja, Somoe. Somoe akaolewa na Mhando, na Mhando alikuwa mtu wa heshima, tena heshima ya kupitiliza. Akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, aliingia porini mpaka apite. Ndivyo walivyolelewa kwao: mtu na mama mkwe wake hawali sahani moja, hawakai mkeka mmoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mwingine.

Sasa magoti ya Bi Mwantumu yakachoka. Masika moja nyumba yake nayo ikaanguka ukuta wa nyuma. Mhando akamwambia mkewe, "Mama aje akae kwetu." Akamjengea chumba. Kisha akawaza: choo kiko bondeni, chini ya migomba, na magoti yale yatashukaje huko? Mhando aliwahi kuwa mpishi kwenye nyumba ya wageni mjini, na huko aliona bafu lililokaa katikati ya vyumba viwili, mlango huku na mlango huku. Akaona hiyo ndiyo dawa. Akajenga bafu, na choo humohumo, katikati ya chumba cha mama mkwe na chumba chake yeye na mkewe.

Mnacheka? Chekeni. Mtu anayemkimbia mama mkwe njiani amemjengea bafu la kuchangia! Lakini alijenga kwa mapenzi, na mapenzi mara nyingine hayana akili.

Milango haikuwa na kitu cha kufungia. Walikubaliana kubisha hodi. Lakini sikio moja la Bi Mwantumu lilikuwa zito, na siku moja, akiwa anaoga, ndilo alilokuwa amelielekeza mlangoni. Mhando akabisha mara moja, kimya. Akabisha mara mbili, kimya. Akabisha mara tatu, kimya. Akafungua.

Aliona kisigino. Kisigino tu, jamani, na povu la sabuni. Lakini alitoka pale mbio kama aliyekanyaga siafu, na kwa siku tatu hakula nyumbani, alikula mihogo ya kuchoma shambani. Bi Mwantumu naye akatoa kikapu chake, akaanza kukunja kanga.

"Somoe, mwanangu, narudi kwangu."

"Kwako wapi, mama? Kwako hakuna ukuta!"

"Bora nikose ukuta kuliko nikose haya."

Somoe akalia, akashika kikapu huku, mama yake akavuta huku. Mwisho Bi Mwantumu akakaa kitandani akasema, "Nitabaki kwa sharti moja. Nataka mlango ambao nikiufunga kwa ndani, hakuna mtu wa kuufungua kwa nje. Hata mmoja. Siku nikijua yupo, nachukua kikapu changu."

Somoe akakubali. Mhando, kwa kupitia kwa mkewe, akakubali. Hilo lishikeni, litarudi.

Somoe akaenda dukani akanunua makomeo mawili ya chuma, akapigilia moja kila mlango, kwa ndani. Safi. Ukiingia kwa mlango wako, unafunga wako, unafunga na wa mwenzio. Ukitoka, unafungua wa mwenzio, unaondoka zako. Mhando akaingia alfajiri, akafunga yote mawili, akaoga, akatoka kwa mlango wake, akaenda shamba. Wa mama mkwe akausahau! Bi Mwantumu akasimama na ndoo yake, akasukuma, wapi. Somoe alikuwa kisimani. Ikabidi mama wa watu ashuke bondeni kwa magoti yale, ngazi kwa ngazi, akitaja ukoo wote wa mkwewe. Kesho yake akasahau yeye, Mhando akabaki nje na sabuni mkononi. Keshokutwa akasahau Somoe, na huyo ndiye aliyenunua.

"Hapa anahitajika fundi," Somoe akasema.

Fundi seremala alikuwa Kibwana, mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Akaja, akatazama, akapima kwa shubiri, akaenda zake. Siku ya tano akarudi, akang'oa yale ya chuma, akatia makomeo mawili ya mti wa mninga, moja kila mlango, na kamba moja inayoyaunganisha, imepita juu ukutani. Ukiilegeza kamba, makomeo yote mawili yanashuka, milango yote miwili imefungwa. Ukiivuta na kuitundika kwenye kigingi, yote mawili yananyanyuka. Huwezi kujifungulia wewe bila kumfungulia na mwenzio. Hata uwe msahaulifu kama kuku, utatoka tu.

Lakini kabla fundi hajamaliza, Somoe alimfuata kwenye karakana yake.

"Fundi, na mama akianguka humo ndani?"

"Sharti ni la nani?"

"La mama."

"Basi sharti ni sharti."

"Fundi Kibwana, mimi mama yangu ni mmoja. Niachie upenyo chini ya komeo, mwembamba, wa kupita mpini wa kijiko. Uzibe kwa nta, upake rangi ya mlango. Usimwambie mama. Usimwambie mume wangu, maana yule hawezi kuficha kitu, akificha kitu anatokwa jasho. Niapie."

Fundi akaapa.

Wakaishi raha mustarehe. Kweli, si maneno. Bi Mwantumu alilipenda bafu lile akaliita "ofisi yangu". Akiingia alilegeza kamba, tap! na milango yote ikajibu, tap! Kisha anaimba. Mhando akimsikia anaimba alikuwa anajichekea huko nje, maana anayeimba hafikirii kuhama, na kikapu kilikuwa juu ya kabati kimejaa vumbi.

Masika mawili yakapita. Siku moja asubuhi Somoe alikwenda ng'ambo ya mto kupika kwenye arusi. Mhando alibaki uani akimenya mihogo. Ndani anasikia wimbo. Wimbo ukakatika. Kikafuata kishindo.

"Somoe!" Bi Mwantumu akaita, na alijua fika Somoe hayupo.

Mhando akasimama na kisu mkononi. Akakohoa.

Sauti ikatoka ndani, ndogo. "Ukuta, ewe ukuta. Mwambie aliyeko nje kwamba nyonga imekataa. Kamba iko juu, mkono haufiki. Na pipa limepinduka, nimelala kwenye maji."

Mhando akausogelea ukuta. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Ukuta, mwambie mama natafuta shoka."

"Mwambie asivunje! Mbao zitaniangukia."

Bi Mwantumu alikuwa anatetemeka kwa baridi, meno yake yalisikika mpaka nje. Mhando akakimbia mpaka kwa fundi. Fundi alikuwa anapiga randa. Akasikiliza, akaiweka randa chini, akatazama dari, akatazama mikono yake. Aliapa, mnakumbuka. Jasho likamtoka yeye safari hii.

"Chukua kijiko," akasema. "Chini ya komeo, kwangua rangi. Kuna nta. Pitisha mpini, nyanyua."

Mhando alirudi hata hakuaga. Akachukua kijiko, akachukua kanga mbili za mkewe. Akavua shati akajifunga machoni, mafundo mawili. Akapapasa, akakwangua, akanyanyua komeo. Akafungua mlango kidogo, akarusha kanga ndani.

"Jifunike, mama."

Akangoja. Nje ya mlango ulio wazi akangoja, mpaka aliposikia, "Tayari." Akaingia kipofu, akagonga paji la uso kwenye mwimo wa mlango, damu ikamtoka, hakufungua macho. Akamfuata kwa sauti. Akambeba, mama ambaye yeye alikuwa akimkimbia porini, akambeba kifuani, na Bi Mwantumu ndiye aliyekuwa macho yake.

"Kushoto, baba. Polepole, baba. Hapo kuna kiti."

Akamlaza kitandani, chumbani kwake mama, akatoka. Mwezi mzima hakuna aliyelisema jambo lile.

Mkandaji akaja, nyonga ikakandwa, na mwezi ukaisha Bi Mwantumu amesimama. Akaagiza jogoo wake mwekundu achinjwe. Mkeka ukatandikwa barazani, wakakaa Mhando na fundi Kibwana. Somoe akakaa mlangoni. Bi Mwantumu mwenyewe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, kama desturi, na mbele yake palikuwa na kisahani, na juu ya kisahani firigisi. Mnaijua firigisi. Hailiwi na yeyote tu. Anapewa anayestahili, tena mbele za watu.

"Somoe," akasema, "waambie walioko barazani kwamba sharti langu lilikuwa moja. Nataka kujua nani aliuweka upenyo uliopitisha kijiko mlangoni kwangu."

Weee! Jogoo hakuguswa.

"Mimi, mama," Somoe akasema. "Nilikudanganya masika mawili. Nilipenda unikasirikie uko hai. Bila mimi upenyo usingekuwepo."

Fundi akakohoa. "Shikamoo, Bi Mwantumu. Upenyo nimetoboa mimi. Na nilikula kiapo, nikakivunja. Hilo haliwezi kurudi, watu watasema fundi Kibwana hana kifua. Lakini bila kinywa changu, kijiko kingebaki jikoni."

Ikabaki zamu ya Mhando. Akasukumwa kiwiko na fundi, ndipo akasema, akitazama mkeka, "Mwambieni mama, ningemngoja Somoe, mwiko ungebaki mzima. Nilichagua mama abaki mzima."

Nyuma ya pazia wakasikia Bi Mwantumu anacheka, na kilio kimo humo ndani ya kicheko.

"Kwa hiyo nyote watatu mmenivunjia sharti langu! Mmoja amenificha, mmoja amefichua, mmoja ameingia. Na ningelipata sharti langu kama nilivyolitaka, leo mngekuwa mnakula ubwabwa wa matanga yangu."

Somoe akauliza, "Mama, nikuteremshie kikapu?"

"Kiache na vumbi lake. Mwambie fundi, akishamaliza kula, azibe ule upenyo. Kwa nta. Nta tu, asizibe kwa mbao. Apake rangi vizuri, nisiuone. Na mimi sijaambiwa kitu."

Kisha pazia likasogea. Mkono ukatoka, umeshika kisahani.

Na mimi nanyamaza hapohapo, mkono uko nje. Msiniambie wagawane, maana jogoo ana firigisi moja na firigisi ya heshima haikatwi. Msiniambie apewe Mhando kwa kuwa ni mwenye nyumba, hilo ni jibu la mvivu. Aliyedanganya kwa mapenzi, aliyevunja kiapo kwa huruma, au aliyefumba macho akavunja mwiko? Haya, wewe uliyefunga mlango, anza wewe, firigisi inapoa. Je, nani alistahili?