Shangazi Aliyewekwa Mahakamani

Paukwa!

"Pakawa!"

Mmekuja kusikiliza ama kutafuna karanga?

"Kusikiliza!"

Haya, karanga chini, masikio juu.

Hapo kale palikuwa na nungunungu jike, jina lake Sikudhani, na mumewe Makame. Walipendana wee, mpaka mapenzi yakaisha. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyeibiwa. Walichokana tu. Walikuwa na watoto wadogo na shamba la mihogo, na mihogo hiyo ndiyo ingewavusha watoto kiangazi.

Sasa nchi ile, ukitaka kuachana na mwenzio, kesi ni kwa Fisi. Hakimu ni yeye, na sheria yake ilikuwa moja: kinachogombewa kinakaa kwa hakimu mpaka kesi iishe. Ngiri na mkewe waligombea maboga. Maboga yakaenda kwa Fisi. "Kesi imeahirishwa!" Fisi akala boga. "Kesi imeahirishwa!" Fisi akala boga. Kesi ilipokwisha, walirudishiwa kikonyo.

Sikudhani akaapa. "Mihogo ya wanangu haiingii tumboni mwa Fisi. Labda nife!"

Akamwita mumewe. "Baba Shani, tumechokana, hatujachukiana. Tumwite Kobe, mshenga wetu. Yeye ndiye aliyefunga, basi yeye afungue."

Kobe akaja, kwata, kwata. Akatoa sharti: "Atakayekimbilia kwa Fisi, mimi simsemei tena." Wakakaa. Wakazozana. Sikudhani akalia kidogo, Makame akatoka nje kwa hasira, akarudi. Mwisho wakakubaliana. Mihogo ni ya watoto, mama alime juu, baba alime chini. Pango abaki nalo mama, baba achimbe lake hapo jirani, na watoto walale watakako.

Fisi akasikia. Huyo, mbio!

"Nani kawaruhusu kuachana kienyeji? Kesho mahakamani, na mnachogombea mje nacho! Mkija mikono mitupu, mihogo naing'oa mwenyewe!"

Makame akatetemeka, miiba ikalia cha-cha-cha. Sikudhani hakutetemeka. Alimtazama Shangazi Bishara, shangazi yake Makame, aliyekuja kwenye harusi yao kutembea tu na hajaondoka mpaka leo.

"Shangazi, kwa Fisi kuna mifupa."

"Mingi?" akauliza Shangazi, maana nungunungu kwa kutafuna mifupa hajambo, huku anajifunga kanga.

Kesho yake mahakamani, mate yanamdondoka Fisi. "Mnagombea nini?"

"Shangazi," akasema Sikudhani. "Mimi namtaka!"

"Mimi namtaka zaidi!" akasema Makame, anajikaza asicheke.

Fisi akamtazama Shangazi. Mnono huyo! "Anakaa kwa hakimu! Kesi imeahirishwa!"

Akampeleka kwake, akafungua domo, nyaa! Ala! Miiba tupu mdomoni. Basi, akaona ajipoze kwa mfupa.

"Umenawa?" Shangazi akauliza.

Fisi akaenda kunawa. Kacha-kacha-kacha! Kurudi, mfupa hakuna. Akachukua mwingine.

"Umenawa vizuri?"

Fisi akaenda tena. Kacha-kacha-kacha! Kurudi, mfupa hakuna. Ikawa ndiyo hivyo kila siku, mpaka mbavu za hakimu zikahesabika.

Akaja kwa Sikudhani anayumba. "Kesi imekwisha! Nimehukumu! Mchukueni!"

"Hapana, mheshimiwa. Mashahidi bado. Tunaomba iahirishwe."

"Jamani, nakufa!"

"Labda..."

"Labda nini, mama? Sema!"

"Labda wanaotaka kuachana kwa mazungumzo waachwe wazungumze. Na hakimu asisogelee shamba la mtu."

"Kuanzia leo!"

"Sisikii."

"KUANZIA LEO!" Fisi akalia, nchi nzima ikasikia.

Sikudhani akaingia ndani, akakaa chini, akalia kwa furaha. Kiangazi kikaja kikali, na watoto wakala mihogo, asubuhi kwa mama, jioni kwa baba.

Uongo wangu naufunga hapo, ukweli mtautafuta wenyewe.

Na funzo, watoto wazuri, ni hili: mkichokana, msizungumze kabisa! Kimbilieni kwa hakimu, mkabidhini kila kitu, maana hakimu ana huruma sana. Mwulizeni Shangazi Bishara. Sikudhani alikwenda kumchukua, naye akakataa kutoka. Alisema yeye hajasikilizwa, na kesi yake ndiyo kwanza anaifungua.