Machela Haitui Njiani

Mtu mmoja alikuwa na mabega mapana, na mabega hayo ndiyo yaliyomponza. Jina lake Singano, mkulima wa kabichi. Huko milimani kwao kila mtu alimjua, kwa sababu ndiye aliyeshika mti wa mbele wa machela ya Tawi. Tawi lenyewe lilikuwa la chama cha kusaidia wagonjwa: chumba kimoja nyuma ya soko, sanduku la bandeji, na machela moja ya turubai iliyoshonewa kwenye miti miwili. Gari halikuweza kupanda huko. Ukivunjika mguu, ukigongwa na nyoka, ukishikwa na uchungu mtoto akiwa amekaa vibaya, ilikuwa ni machela hiyo ikushushe bondeni kwenye zahanati, au ujishushe kwa magoti.

Tawi liliishi kwa michango, na michango ilikuwa na siku yake kila mwaka baada ya mavuno. Hapo mwanzo wabebaji walipita sokoni na gunia la mchanga juu ya machela, ili watu wauone uzito wa mgonjwa, watoe. Walitoa, lakini kwa kununa. Basi mwaka mmoja mgeni rasmi, kwa utani wake, akasema toeni huo mchanga mnibebe mimi. Akalala, akafungwa bandeji kichwani, akaguna kama mtu anayekata roho. Watu walicheka wakashika mbavu, na waliocheka wakatoa. Tangu hapo mchanga haukuguswa tena. Kila mwaka alitafutwa mtu mzito wa mwili na wa mfuko, akafungwa mikanda asianguke mlimani, na pembeni yake akawekwa mwanamke wa kulia, khanga kichwani, akiomboleza mwanangu anakufa, mwanangu anakufa. Noti zikawa zinatua juu ya tumbo la mgonjwa. Usicheke. Hata kwenu yupo mtu mnayembeba hivyo.

Kisha likaota sharti, kama magugu yanavyoota bila kupandwa. Mwaka fulani wabebaji waliitua machela kijitoni wapumue. Msimu haukwisha, mama wa mbebaji mmoja akaugua, akashushwa kwa machela ileile, hakurudi. Bibi huyo alikuwa na umri wa kumzaa babu yako, na kikohozi chake kilijulikana kuliko kengele ya shule, lakini nani aliuliza? Watu wakasema: siku ya sherehe, machela ikitua njiani inachagua mtu wa nyumba ya mbebaji. Mwenyekiti wa Tawi, Mzee Kilua, alilisikia neno hilo akalinyamazia. Lilimfaa. Mbebaji mwenye hofu hapumziki ovyo.

Singano aliogopa kuliko wote. Mkewe, Zaina, alikuwa na mimba iliyokomaa, na mama mkwe alikuwa amekuja kumsubiria. Kwa heshima ya ukwe Singano alikuwa akitokea mlango wa nyuma ili asikutane naye uso kwa uso, na mama naye alikuwa akimpisha na kujifunika khanga. Hawakuwa wamewahi kusemezana. Asubuhi ya sherehe Zaina alimwambia, akiwa ameegemea mwimo wa mlango, "Kiuno cha leo si kile cha juzi." Singano akajibu kwamba angerudi jua halijapinda. Moyoni alijiambia maneno mengine: leo nisiitue, leo nisiitue, hata mikono ing'oke.

Mgeni rasmi wa mwaka huo alikuwa Bwana Mweta, mfanyabiashara wa mbao kutoka bondeni. Walipomnyanyua, miti ya machela ililia. Sokoni watu hawakuwa na huruma.

"Mgonjwa ana kitambi, dawa yake jembe!"

"Singano, shikilia hapo, umebeba chakula cha mwaka mzima!"

Bwana Mweta alifumba macho akaguna vizuri sana, na vicheko vikapanda nao mlima. Singano hakucheka. Alikuwa akitazama ardhi chini ya machela kama mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

Wakafika njia panda. Njia moja inakwenda kiwanja cha shule, palipotandikwa meza na viti. Nyingine inakwenda nyumbani kwa Singano. Hapo ndipo alipotokea mwanamke, amejifunika khanga kichwani, miguu ina tope, akaushika mti wa machela na kulia.

"Mwanangu anakufa. Nipeni machela, mwanangu anakufa."

Watu wakashangilia. Wakasema mwaka huu Tawi limepata mliaji hasa, yule wa mwaka jana alikuwa anakohoa tu. Mzee mmoja mwenye roho nzuri akaja mbele, akaweka noti juu ya bega la yule mama, akampigia makofi. Hata Bwana Mweta, macho yakiwa yamefumbwa, akaguna zaidi ili asishindwe.

Singano peke yake ndiye aliyejua. Khanga hiyo aliiona kila siku ikigeuka kumpisha uani. Na sasa mwenye khanga alikuwa amemgeukia, uso wazi, akamwita kwa jina lake. Mkwe akimwita mkwewe kwa jina, njiani, mbele za watu, hapana mchezo tena hapo. Akaona damu kwenye pindo la khanga.

Angefanya nini? Mmeshajibu, najua. Mtu akiwa amekaa kitini anajibu haraka. Lakini Singano alikuwa na miti mkononi, na hofu ilimwendea kwa hesabu iliyonyooka kabisa: nikiitua hapa, imemchagua Zaina. Zaina yuko kwenye hatari, nami nimtie muhuri wa kifo? Nyuma Mzee Kilua alikuwa akihimiza, mbele, mbele, kiwanja kile pale. Basi Singano akamwambia mama mkwe maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia maishani mwake:

"Tukifika kiwanjani, mama. Si mbali."

Mama yule aliuachia mti, akasimama pale panda, na noti ya watu ikaanguka kutoka begani mwake.

Kutoka panda mpaka kiwanjani ni mteremko mmoja na kilima kimoja. Singano alivipita akikimbia, na wenzake wakakimbia kwa sababu yeye alikimbia, na watu wakaona ni mbwembwe mpya wakapiga vigelegele. Jasho lilimwingia machoni. Kila alipokanyaga alisikia sauti ya Zaina, na kila aliposikia alibana vidole zaidi. Jiwe moja lilimteleza, machela ikainama upande, ncha ya mti ikapita karibu na udongo kama ulimi wa nyoka. Haikugusa. Akamshukuru Mungu. Angalieni mtu alikokuwa akipeleka shukrani zake.

Kiwanjani waliitua mbele ya meza, taratibu, kama inavyotakiwa. Mzee Kilua akafungua mikono kuanza hotuba. Bwana Mweta alikuwa bado amelala, anangoja afunguliwe mikanda kwa heshima. Singano alipiga goti, akaifungua mwenyewe.

"Shuka, bwana," alisema. "Mwenye machela yuko nyumbani."

Vicheko vikafa kimoja kimoja, kama taa za nyumba zinavyozimwa. Bwana Mweta alifumbua macho, akamtazama yule kijana usoni, akashuka na bandeji yake kichwani.

Walimkuta Zaina sakafuni, mgongo ukutani, midomo imekuwa ya kijivu. Hakulaumu. Alisema tu, "Umekuja," na hilo lilimuumiza Singano kuliko tusi. Wakamlaza. Kwenye mikunjo ya turubai zilikuwa zimebaki sarafu, zikamchoma mgongo, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzitoa. Wakashika njia ya bondeni.

Zaina alikuwa mwepesi. Watu wanne kwa mwanamke kama yeye ni wengi mno, hata wawili wangetosha. Lakini wanne hao walikuwa wameupanda mlima na Bwana Mweta. Kabla hawajafika kijitoni mikono ilianza kutetemeka. Mbebaji wa nyuma akasema vidole vyake havisikii kitu. Mwingine akaanza kuomba dua chini kwa chini. Na maji ya kijito yakasikika mbele, mahali palepale palipozaliwa sharti, na hakuna aliyethubutu kulitaja. Zaina alikuwa akipumua kwa vipande. Machela ikaanza kuyumba, na katika kuyumba huko Singano akaiona hofu yake yote: akiitua, imemchagua, na asipoitua, itamwangusha majini.

Akasema, "Tueni."

Hawakutii. Akasema tena, kwa sauti ambayo hawakuijua. Wakainama. Miti ikagusa mawe. Singano alifumba macho akingoja.

Bundi hakulia. Ardhi haikupasuka. Ilikuwa ardhi tu, yenye majani na kinyesi cha mbuzi. Damu ikarudi vidoleni mwao, mama mkwe aliyekuwa akiwafuata akamlowesha Zaina midomo kwa pindo la khanga, wakabadilishana pande, wakanyanyua, wakaenda kwa kasi ambayo hawakuwa nayo kabla. Kumbe pumziko lile lingewezekana tangu panda.

Zaina alifika zahanati akiwa hai. Mtoto alifika naye, lakini hakulia. Mkunga alimfunga kwa khanga ya bibi yake na kumkabidhi Singano, na Singano, mwenye mabega yale, akashindwa kumnyanyua hadi kifuani. Mikono haikupanda.

Mwaka uliofuata Tawi lilirudisha gunia la mchanga. Singano ndiye aliyelijaza. Alishika mti wake wa mbele, na walipofika panda akaitua machela katikati ya njia, watu wote wakiona, akakaa kando yake mpaka alipopumzika. Hapakuwa na kicheko, na michango ilikuwa kidogo. Mzee Kilua alisema mchanga hauna mvuto, na alisema kweli. Mama mkwe alipita hapo akiwa amejifunika, akasimama, akaweka alichokuwa nacho juu ya gunia, akampisha Singano kama zamani.

Nanyi mliokaa hapa, kila mmoja ana mtu wake mzito aliyembeba kwa vigelegele, na kila mmoja analo neno analoliogopa kuliko damu. Siku mwenye machela atakapowaita, mikono yenu itakuwa imechoka kwa kumbeba nani?