Udongo Uliomhama Mrutu

Hadithi njoo! Sogeeni, na aliyechoma mabua yake leo akae hapa mbele nimwone.

Nakunda na mumewe Mrutu walikuwa na shamba mlimani, na udongo wake ulikuwa ukisema. Baada ya mavuno ukasema, "Mrutu, nina njaa. Niachie mabua." Mrutu akayachoma. Mwaka wa pili ukasema, "Mrutu, nina njaa. Nipe samadi." Mrutu akaitupa korongoni. Mwaka wa tatu ukasema, "Nimedhoofika, nitaporomoka. Nikingeni kwa matuta." Nakunda akashika jembe, Mrutu akamnyang'anya. "Kwani udongo una miguu? Utakwenda wapi?"

Mvua iliponyesha, udongo ukaota miguu. Ukainuka, mwekundu kwa hasira, ukashuka mlima na mahindi yote mgongoni. Nakunda akaukimbilia, "Na mimi je?"

"Chukua jembe lako unifuate. Huyo nimemwachia mwamba."

Jioni, Nakunda aliporudi nyumbani kuchukua jembe, Mrutu akauliza, "Mke wangu, tunakula nini?"

Nakunda akazoa majivu jikoni, akamjazia sahani. "Kula! Ndicho chakula ulichoupa udongo." Akabeba jembe, akateremka.

Hadithi yangu imekwisha. Mwenye kiberiti mfukoni akilete hapa.