Ubishi wa Nyuma ya Pazia

Chilumba alikuwa na banda la gemu kubwa kuliko yote Masasi, na hakumwogopa mtu. Hata mwalimu mkuu alipokuja kutafuta watoro, alimfukuza mlangoni. Asubuhi moja akaja Somoe, ambaye mwanawe Nalinga alikuwa ameonywa kwamba akikosa tena darasani atafukuzwa shule.

"Hapa hakuna mwanafunzi," Chilumba alisema, amesimama mbele ya pazia zito. "Ukitaka kupekua, njoo na polisi."

"Sikuja kupekua, baba. Nataka kununua gemu ya bunduki, wanangu wachezee nyumbani. Ipi nzuri, Kombati au Mdunguaji?"

"Zote nzuri, mama," Chilumba alijibu, akifurahi kuona mambo yameisha kirahisi.

"Basi nipe Kombati," Somoe alisema kwa sauti. "Mdunguaji naambiwa ni ya watoto wachanga. Mtu anajificha kichakani mchezo mzima kwa sababu hajui kulenga."

"Nani kasema?" sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Kombati ndiyo ya watoto."

"Wewe unafungwa kila siku, utajua nini?" mwingine akadakia.

Chilumba alikohoa kwa nguvu, lakini ubishi ulikuwa umeshapamba moto. Pazia likafunguka, akatoka Nalinga na sare zake za shule, amejisahau kabisa.

"Mama, wamekudanganya. Mdunguaji inataka akili, kwanza unasoma upepo..."

"Endelea, mwanangu," Somoe alisema, akimshika mkono. "Utanimalizia njiani, tunakwenda shule."