Mpiga Mbiu Aliyefungwa Ulimi

Katika mji wa Zumaridi alitawala Sultani Ghalibu bin Mundhiri, mpenda ndovu, na mpiga mbiu wake alikuwa Mahadhi bin Sefu, ambaye sauti yake ilisikika mitaa saba. Siku moja sultani akatunukiwa baragumu la shaba, na Mahadhi akaambiwa ahsante, nenda kwa amani.

Mahadhi hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Rukiya binti Maftaha, mkuu wa nyumba ya wasokota nyuzi, akasema, "Bibi yangu, miaka kumi nimewauzia watu amri za sultani, wakazichukua. Nitashindwa kuuza uzi?"

"Maneno unayo," alijibu Rukiya. "Lakini uzi wa ghala hili usipouzwa wote kabla ya Ijumaa, sultani analifanya zizi la ndovu, na wanawake arobaini hawana pa kufanyia kazi." Akamsokotesha donge moja ili ajue anachouza, kisha akampa punda sita wenye mizigo ya uzi na donge moja jekundu. "Hili ulifungue ukikwama tu."

Mahadhi akafika Barizi, mji wa wafumaji, akasimama uwanjani akausifu ule uzi kwa sauti yake yote, na wafumaji wakaingia ndani wakafunga milango. Siku ya pili akapaza zaidi, wakatia na makomeo. Hapo moyo wake ukaingia hofu, akalifungua donge jekundu, na jini mrefu akatoka akiinama.

"Labeka, bwana wangu. Nizigeuze nyoyo zao wanunue hata nyasi?"

Mahadhi alitamani, wallahi alitamani. "Na wakizinduka, nitarudi hapa na uso gani? Niambie tu kwa nini wananikimbia."

"Hapa mwenye uzi huketi kimya mpaka mfumaji mkuu aseme kwanza. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayesifu uzi wake, wao hujua anaficha mafundo."

"Basi nifunge ulimi mpaka aseme."

"Nimejenga majumba ya dhahabu," alinung'unika jini, "leo naambiwa nifunge mdomo wa mtu." Akaufunga.

Siku ya tatu Mahadhi akaketi na madonge yake. Mfumaji mkuu, Bwana Hamdani, mtu wa kununa, akachukua uzi, akautia mate, akauvuta, nao ukakatika. Mahadhi alitokwa na jasho kwa maneno yaliyomjaa kifuani. Hamdani akavuta wa donge la pili, ukashika. Wa tatu, ukashika.

"La kwanza kalisokota nani?"

Ulimi ukafunguka. "Mimi, bwana wangu, nikijifunza kazi. Mengine yote yamesokotwa na wenyewe."

Wafumaji wakacheka hata wakashikana mabega, na Hamdani akasema, "Muuzaji wa kutuonyesha kasoro yake hatujapata kumwona. Shusha mizigo, na iliyobaki ghalani tutaifuata kesho kwa ngamia wetu."

Alhamisi ghala likawa tupu, na ndovu wakabaki walipo. Mahadhi akamwacha jini huru, kisha akaenda kuketi mlangoni kwa Rukiya kama muuza uzi wa Barizi, donge lake lenye kasoro mkononi, kimya, siku tatu, na mtaa mzima ukapita ukimtazama.

Siku ya nne Rukiya akafungua mlango. "Nimekubali," alisema. "Sasa sema."

Wakaoana, wakatajirika. Nanyi mnaoanza kazi mpya, kabla ya kuinua sauti, ulizeni kwanza wenyeji wanavyonunua.